Sanamu Kwenye Mti wa Soko

Kaunti ilipopandisha ushuru wa soko bila kuwauliza wanaouza, sikumwandikia mtu barua. Niliandika mchezo, wote kwa beti, kuhusu Wamarekani wa zamani walipokuwa bado chini ya Waingereza. Bunge la London liliwatoza kodi ya stempu: gazeti stempu, hati stempu, hata karata za kuchezea. Na katika bunge hilo hawakuwa na mtu hata mmoja wa kuwasemea. Basi watu wa Boston wakatengeneza sanamu ya wakala wa stempu, wakaitundika kwenye mti mkubwa, na wakala mwenyewe akaacha kazi.

Tuliuigiza siku ya soko hapa Oyugis, chini ya mti mkubwa wa siala ambapo akina mama wauza omena, dagaa wa ziwani, huketi.

*Gazeti tunalipia, karata tunalipia,*
*Nani alitusemea, bungeni walipokaa?*

Watu walicheka, wakapiga makofi, wengine wakarudia ubeti nyuma yangu. Kisha rafiki yangu Jeff, aliyeigiza wakala, akatoka, nami nikaipandisha sanamu yake hadi tawini, kamba ikiwa shingoni. Ilikuwa gunia lililojazwa majani makavu ya mahindi, limevaa koti la kijani. Kicheko kikakatika. Nikajua nimewagusa. Nilipogeuka kupokea makofi, nikawaona wanakusanya bidhaa zao.

Asubuhi iliyofuata hapakuwa na mtu chini ya mti ule. Mabeseni ya omena yalikuwa kando ya barabara, juani, vumbi likiyaingia. Nikamwendea Eucabeth, ambaye huletewa omena kutoka kisiwa cha Remba, na ambaye akina mama wenzake humsikiliza.

"Mama, mbona mmehama?"

"Wewe ni mtoto wa wapi?" akaniuliza bila kuinua macho. "Mti ulionyonga mtu ni mchafu, hukatwa. Hukufundishwa?"

"Lile lilikuwa gunia, mama."

"Gunia lenye koti kama la Maurice."

Maurice ndiye mkusanya ushuru wa soko letu. Koti lake la kijani halivui hata jua likiwa la utosini.

"Na yeye ameshapita hapa," Eucabeth akaendelea. "Anasema kesho analeta msumeno wa petroli, atuondolee mti mchafu. Ukianguka wanaweka vibanda na geti, kila anayeingia analipa. Jana sanamu, leo hiihii habari ya msumeno. Alijuaje mapema hivyo?"

"Hata mimi nataka kujua."

"Kamba uliileta wewe."

Damu ilinipanda. Mimi, niliyewatungia beti za kuwatetea, ndiye niwe mtu wa kaunti? Nikaenda moja kwa moja hadi duka la kunyolea la Jeff. Nilimkuta ananyoa mteja.

"Lile koti ulitoa wapi?"

"Si nilikwambia, mtumba."

"Mtumba wa nani?"

"Omera, ndugu yangu, sasa umekuwa CID?" Mteja akacheka. Jeff akazima mashine. "Sikiza. Mimi nilisema hiyo sanamu tuipige mawe. Ni nani alisema hapana, Boston walitundika? Ukanionyesha mpaka kitabu. Sasa mwenye amenunuliwa na kaunti ni mimi ama ni kitabu yako?"

Hakupandisha hata sauti, na hilo nalo nikalitilia shaka. Mtu asiye na hatia angekasirika zaidi. Nilipotoka nje nikasikia mashine ikiwaka tena na mteja akimuuliza jambo kwa sauti ya chini.

Nilirudi kwa Eucabeth. "Nifanye nini ndipo mniamini?"

"Maneno unayo mengi, nyathina, mwanangu. Kamba ulifunga wewe. Mti kata wewe, kabla Maurice hajafika."

"Nikate kivuli chenu? Si ndicho anachotaka?"

"Kivuli tutanunua mwavuli. Sisi tunataka mahali. Akikata yeye, mahali ni pake. Ukikata wewe tukiwa tumesimama hapa, ni petu."

Shoka nilipewa na Nchagwa, anayeleta ndizi kutoka Ntimaru. "Kwetu Kuria huu mti hauna kesi," akaninong'oneza. "Lakini mimi nauza hapa na hawa. Kata."

Nilianza kulipopambazuka. Hakuna aliyenisaidia. Akina mama walisimama mbali, mikono vifuani, mmoja akinirekodi kwa simu, nami sikujua video hiyo ni ya kumwonyesha nani. Malengelenge yalipasuka mpini ukalowa. Maua ya manjano yaliniangukia kichwani kila pigo. Mti ulipolala, waliburuta matawi pembeni, wakaja na mabeseni na miavuli, wakaketi palepale walipokuwa wakiketi.

Maurice alifika na kijana wa msumeno. Alitazama kisiki, kisha akanitazama mimi.

"Nani amekata mti wa kaunti?"

"Ulisema ni mchafu," Eucabeth akamjibu. "Tumesafisha."

"Basi sogeeni. Mafundi wa vibanda wako njiani."

"Waje. Watujengee hapa juu ya vichwa."

Mwanamke mmoja nyuma akauliza, "Na hiyo ushuru mpya, wakati mliipandisha, sisi mlituuliza wapi?" Wengine wakaliokota swali hilo, wakalirusha mmoja baada ya mwingine, mpaka Maurice akaenda kando kupiga simu. Alipiga, akasikiliza, akapiga tena. Kijana wa msumeno alichoka kungoja, akauweka chini, akauliza omena ni pesa ngapi. Maurice alimwita kwa ukali na wakaondoka, kijana yule akiwa na msumeno mkono mmoja na mfuko wa omena mkono wa pili.

Nilikuwa nimeshinda, au ndivyo nilivyoona. Nikasogea niketi kando ya Eucabeth.

"Si hapo," akasema. "Kaa pale mbele, nikuone. Na yule mwenzako wa koti mwite, akae na wewe. Maurice akirudi, nataka kuona nani kati yenu atamsalimia kwanza."

Nilimpigia Jeff. Alikuja, akaketi kwenye gogo, akaniachia nafasi ya mtu mmoja katikati. Tukakaa hivyo, mimi nikimtazama yeye, yeye akinitazama mimi, na akina mama wakitutazama sote wawili.