Alama ya Msumari

Huku kwetu Murghab, juu milimani, mwenye gari kuukuu halali kabla hajalikamua maji. Usimcheke. Baridi ya Januari hapa haina adabu: acha maji ndani ya injini usiku mmoja tu, asubuhi unakuta barafu, na barafu ikifura inapasua chuma. Dawa za kuzuia maji yasigande wanazo wenye magari mapya. Sisi wengine tunatia maji ya mto. Jioni tunayamwaga kwenye ndoo, tunayaweka ndani karibu na jiko, asubuhi tunayachemsha na kuyarudisha. Maji ni yaleyale, maana yakishachemka mara nyingi hayaachi ukoko, na kuchota mengine ni kwenda kutoboa barafu mtoni.

Orozbai alikuwa na gari la jipu la Kirusi, la kijani, ambalo alizoea kusema ni rika la mkewe Burul ila lenyewe halinuni. Jioni ile hakuwa na utani. Alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka safari dada yake Aimkan alipompigia simu kutoka Rangkul, kwa baba yao mzee Tashtan.

"Baba hafiki Ijumaa," Aimkan alisema. "Sisi wote ameshatupa radhi. Umebaki wewe. Anakuulizia."

Miaka miwili nyuma Orozbai aliwaacha yaki, wale ng'ombe wa manyoya wa baba yake, akaja mjini kuendesha gari, na mzee akatamka mbele za watu kwamba hatakunywa tena chai chini ya paa moja na mtoto yule. Na kwetu, anayefiwa na mzazi kabla hajaambiwa "niko radhi nawe" anabaki hivyo mpaka kaburini. Watu hawamsemi. Wanamhurumia tu, na hiyo ni mbaya zaidi.

"Natoka sasa hivi," akasema.

"Na gari lenye taa moja? Upepo umefukia barabara, kaka. Ameshakunywa mchuzi, amelala. Njoo kukipambazuka, usituletee misiba miwili."

Basi akatii. Akafungua koki mbili, ya rejeta na ya ubavuni mwa injini, akatega ndoo. Sasa, kazi hii ina mwisho wake. Maji yakikatika huondoki. Unachukua waya, unachokoa koki zote mbili, maana maji ya mto yana mchanga, na mchanga ukiziba tundu utadhani injini ni kavu kumbe tumbo lake limejaa. Kisha unatazama ndoo. Jipu la Orozbai lilikuwa likitoa ndoo moja kamili na ya pili mpaka kwenye alama aliyoikwaruza kwa msumari. Pungufu ya hapo, kuna maji yamebaki.

Alikuwa bado ameinama hapo mke wa jirani alipotokea na mkate juu ya kitambaa. Mume wake ni Satar, dereva wa malori mstaafu.

"Shemeji, tumesikia habari za mzee. Onja mkate."

Mkate haukataliwi, hata na mwenye nyumba inayoungua. Akamega. Ukishamega, unaingia. Ukiingia, kuna chai, na Satar anataka kujua mzee anaumwa nini, na mkewe anajaza tena bakuli la chai. Aliporudi kwenye gari, koki zote mbili zilikuwa zimeacha kudondosha. Akili yake ilikuwa Rangkul, inapanga maneno ya kumwambia baba. Akamwita Burul aingize ndoo, akaifunika injini kwa blanketi la sufu, akaingia ndani. Waya ulibaki chini ya kiti.

Kulipokucha ndoo zilikuwa jikoni tayari, zinatoa mvuke, na ya pili ilikuwa imefika sawasawa kwenye alama. Orozbai akavaa koti lake la harusi, akafunga koki, akaanza kumimina. Ndoo ya kwanza ikaingia, ingawa kwa uvivu. Ya pili hata robo haikufika, maji yakapanda yakajaa mdomoni mwa rejeta na kumwagika kwenye viatu vyake.

Satar alikuwa amekuja na chupa ya chai ya njiani. Akaiweka chini.

"Acha kumimina," akasema. Akaingiza mkono, akapapasa ubavu wa injini. "Juu ni moto. Chini pameganda kama jiwe. Jana ulichokoa?"

Satar akalala chali kwenye theluji, mzee wa miaka sabini, akachungulia. Alikaa kule chini muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

"Ubavu umepasuka," akasema. "Ufa mwembamba, ila ni mrefu kama mkono wangu."

"Lakini ndoo ilifika kwenye alama," Orozbai akasema. "Nimeiona kwa macho yangu. Burul, si ilifika?"

Burul alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi.

"Niliijaza mimi," akasema. "Niliona imepungua sana, nikadhani nimeimwaga mwenyewe kwa ule upepo. Nikaongeza kwenye ndoo ili asubuhi usihangaike."

Laiti Orozbai angeweza kumkasirikia. Alijaribu hata, akatafuta neno kali, akakuta lote linamrudia yeye na waya wake chini ya kiti. Mkewe alikuwa amemsaidia. Jirani alikuwa amemfariji. Hakukuwa na mtu wa kumlaumu hapo, na yeye alihitaji mmoja kuliko alivyowahi kuhitaji kitu.

Satar akaenda kubisha nyumba kwa nyumba kutafuta gari. Lililokuwa na mafuta ni lori moja tu, nalo walikuwa bado wanaliwashia moto chini ya tangi kuyeyusha dizeli iliyoganda. Labda saa sita mchana. Orozbai alisikia akaitika kwa kichwa. Kisha akachukua birika kwa Burul akamimina tena. Barafu ilikuwa ikiyeyuka ndani, na maji yakawa yanatokea ubavuni kwa mstari, yanaganda kabla hayajafika chini. Akamimina jingine. Akapiga stata, injini ikakohoa, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta: yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia.

"Inatosha, mwanangu," Satar akasema.

"Ni kilomita sitini tu, mzee. Nikiwa naongeza maji njiani."

Burul akaenda kuchemsha mengine, kwa sababu lilikuwa ndilo jambo pekee la kufanya, na wakaendelea hivyo, birika baada ya birika.

Simu iliita saa nne.

"Ameondoka," Aimkan akasema. Akalia kwanza. Orozbai akangoja, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wa jipu.

"Alisema kitu?"

"Lori lilipita barabarani. Akafumbua macho, akauliza, ndiye? Nikamwambia ndiye, baba, ameshafika. Nisamehe, kaka. Nilidhani uko karibu."

"Akasemaje?"

"Akasema, asiletwe kwangu na baridi hiyo. Mpeni chai kwanza."

"Halafu?"

"Halafu basi. Akawa anatazama mlango."

Orozbai akaweka simu mfukoni. Akamwambia Burul maneno ya baba yake kama alivyoyapokea, bila kuongeza wala kupunguza, na Burul akaingia ndani. Alirudi na bakuli la chai, limejaa, linatoa mvuke. Mikono ya Orozbai ilikuwa imelowa na kuanza kuganda, ikabidi mkewe amshikie. Akainywa yote, amesimama.