Maji ni Maji

"Weka mikono, Sista."

"Siweki, mwaga hiyo maji kwan—"

"Si ulisema maji ni maji, ama—"

"Kagure, hapa ni kwangu, usinite—"

"Weka mikono."

Kati yao kulikuwa na beseni. Wageni wote waliokuja Naro Moru kwa Magdaline kumwona mjukuu walikuwa wameshanawa humo, na maji yalikuwa na rangi ya matope ya mfereji wa Kagio siku ya mvua. Kagure ndiye aliyejitolea kunawisha watu, na nani hukataa mgeni akijitolea? Lakini badala ya kumwagia kila mtu kwa jagi, kama watu wenye adabu, alizungusha beseni moja. Watu wakachovya wakitazamana. Mzee wa kanisa Theuri, aliyekuja moja kwa moja kutoka kuchimba viazi shambani, alichovya hadi kiwiko. Magdaline, mwenye boma, akaachiwa mwisho.

Siku hiyo Kagure aliingoja tangu binti yake Watiri apasuliwe kujifungua kule Nyeri, katika wodi aliyosimamia Magdaline, muuguzi. Huko nako beseni moja lilitembea kitanda hadi kitanda, pamba ikichovywa, inapanguza kidonda cha huyu, inarudi majini, inaenda kwa yule. Kagure alipouliza mbona maji hayabadilishwi, Magdaline alimwambia maji ni maji, mama. Kidonda kikaoza. Watiri akatolewa kizazi. Halafu Magdaline, bila kupepesa jicho, akawaambia wakwe kwamba uchafu ulitoka nyumbani, kwa mama ya msichana. Mume akaoa mwingine, na Kagure akabaki na jina: yule mama mchafu.

Sasa alitaka neno moja tu, lisemwe mbele ya watu.

"Unaogopa nini?" aliuliza kwa sauti ya kubembeleza ndama. "Hii ni uchafu ya watu wa kanisa tu. Watiri wangu mlimpaka usaha ya watu hata hajui majina."

Theuri aliangalia mikono yake, akaificha chini ya meza. Maharage ya njahi, chakula cha mzazi, yalikuwa yanapoa. Magdaline akasema kitu kwa chini.

"Sema na mdomo mkubwa. Wa nyuma hawajasikia."

"Ni sisi," Magdaline alisema. "Uchafu ilikuwa yetu. Ya wodi."

Utamu ukamshuka Kagure kifuani polepole, kama uji moto asubuhi ya baridi. Alikuwa karibu kumwambia arudie, pazia la chumbani likafunguka.

Ni Waithira, binti ya Magdaline, mzazi mwenyewe. Mkono mmoja ukutani, mwingine tumboni. Yeye pia alipasuliwa wodi ile ile, na mama yake ndiye alikuwa akimwosha kidonda kila siku. Kabla hajafungua mdomo, harufu ilikuwa imeshafika mezani.

Alimpita mama yake kama anapita kiti.

"Mama Watiri," akasema, "nibebe twende kwako. Huyu asinishike tena."