Meza ya Mgeni Rasmi

Selina alikuwa ameinama kwenye ngazi za juu za ukumbi, akifagia maganda ya karanga yaliyoachwa na watazamaji wa ngumi, pale mzee Kitwana alipoingia kwa mlango wa wachezaji. Kwa miaka mingi walikuwa wapangaji wa nyumba moja, nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, vyumba vinatazamana. Miaka yote hiyo mzee hakuwahi kumfuata kazini. Selina akajua kabla hajaambiwa.

"Somoe ametutoka alfajiri, mama Ignasi," akasema. "Kifua kilekile."

Mtu mwingine angelia. Lakini Selina alikuwa Mngoni na Bi Somoe, mke wa mzee, alikuwa Mmatumbi, na mtani halii kabla maiti hajatoka nyumbani. Kazi ya mtani ni kuwachekesha wafiwa na kuhangaika, mpaka maiti aondoke kwa heshima yake. Mume wa Selina alipofariki, Bi Somoe alijilaza kizingitini akazuia jeneza, akidai marehemu amemnyima ugoro, hata wafiwa wakacheka na machozi yao.

"Kakimbia foleni ya mgao huyo," Selina akasema. "Mmatumbi na kusimama juani wapi na wapi?"

Mzee Kitwana akacheka kidogo, kisha uso ukamsawijika. Hakuwa na sanda.

Tangu kupambazuke alikuwa ameizunguka Kariakoo yote. Madukani alikuta vifungo na rangi ya viatu. Akaenda kuomba kibali cha nguo, karani akamtaka cheti cha daktari. Akaenda kwa daktari, akaambiwa daktari yuko mkutanoni. Na Bi Somoe ilikuwa lazima azikwe siku hiyohiyo, baada ya sala ya alasiri.

Selina akamwambia arudi akakae na mkewe. Marekani, ile nguo nyeupe aliyokuwa akiitafuta, ilikuwa mle mle ukumbini. Robota zima liliingizwa jana.

Ukumbi ule ulikuwa mali ya Jiji, ila watu waliuita wetu. Mabondia wa Tanga na Morogoro walipigania humo, kwaya ziliimba humo, na maulidi yalisomwa humo. Mto Msimbazi ulipofurika, watu wa bondeni walilala kwenye ngazi zake na watoto wao. Na tangu vita ya Kagera iishe na bidhaa nazo ziishe, ukawa mahali pa mgao. Watu walitoka mpaka Kisarawe kuja kungoja sabuni.

Mbele ya mlango mkubwa foleni ilikuwa imepangwa tangu jana, foleni ya mawe. Hapa tofali, pale kinu kilichopasuka, nyuma yake kandambili moja na kopo la mchanga. Jiwe ni mtu. Mwenyewe akienda kupika au kusali, jiwe linamsimamia, na atakayelisogeza mtaa haumsalimii tena. Bi Somoe naye jana aliweka kigae cha chungu akakifunga utepe wa kanga. Selina alipowapa habari wanawake waliokaa kivulini, walibishana: maiti naye ana foleni? Mmoja akasema aliyekufa hana shida ya nguo. Mwenzake akamjibu kwamba kwa siku ya leo hakuna mwenye shida ya nguo kama yeye. Ubishi ukaishia hapo, na kigae kikapelekwa mbele ya yote.

Haukupita muda akatokea Theophil, meneja wa ukumbi, ndani ya suti ya Kaunda iliyopigwa pasi, na nyuma yake Bakili, mgambo wa mlangoni, na rungu lake. Theophil akaagiza mawe yaondolewe, kwa kuwa gari la mgeni rasmi lingesimama hapo. Mgao nao ungengoja kesho, baada ya hotuba. Hotuba yenyewe ilihusu mgao.

Wanawake wakanung'unika, Bakili akatazama chini. Selina akayabeba mawe moja moja, akayapanga ukutani kwa mfuatano uleule. Alipomaliza akaingia ndani kumtafuta meneja, na hapo akaliona robota. Lilikuwa limefunguliwa. Wapambaji walikuwa wameizungusha marekani kwenye nguzo zote toka chini mpaka juu, wameitandika meza kuu, na kuivuta marinda kwa pini.

"Ndugu Meneja, nina msiba," akasema. "Naomba pande la sanda. Watu wa foleni wenyewe wameridhia."

"Kesho, mama."

"Maiti ni Mwislamu. Hangoji kesho."

"Nikikupa wewe, foleni yote itafiwa leo."

Wapambaji wakacheka. Theophil akatoka kwenda kuwapanga wapiga matarumbeta.

Adhana ya adhuhuri ilipita. Wapambaji wakaenda kula. Selina akaiendea meza kuu, akachomoa pini taratibu, akaziweka kwenye kisahani cha korosho za wakubwa. Akaikunja nguo, akaiweka begani. Ndoo ilikuwepo, angeweza kuificha humo, lakini sanda haibebwi kwenye ndoo ya kupigia deki.

Kwenye mlango wa wachezaji alisimama Bakili.

"Inakwenda wapi hiyo?"

"Mtani wangu amekufa. Mmatumbi mwenzako, yuko mkekani na kanga yake ya kupikia."

Bakili akalishika rungu kwa mikono miwili.

"Nyie Wangoni," Bakili akasema polepole, "kupora mmeanza zamani."

"Na nyie Wamatumbi mlitudanganya na maji, eti ya kuzuia risasi."

Mgambo akageukia ukutani, akawa kama anasoma bango la ngumi.

Kule nyumbani, mwosha wa maiti alipoikunjua nguo aliyaona matundu ya pini. Aliyapeleka upande wa miguuni. Baada ya alasiri wanaume wakalibeba jeneza, na lilipopinda kona Selina akakaa chini akalia. Kisha akanawa uso, akarudi kazini.

Mgeni rasmi alikuwa akihutubia nyuma ya meza tupu, mbao zake zina madoa ya wino na alama za chupa. Theophil akamvuta Selina pembeni, akamnong'oneza kwa hasira: kitambaa kiko wapi?

"Kimezikwa," Selina akasema.

Akanyang'anywa funguo palepale.

Kesho yake mgao ulikwisha kabla foleni haijafika katikati. Theophil akasimama mlangoni akawaeleza wananchi kwamba marekani imepungua kwa sababu ya mfagiaji mmoja mwizi, na ameshaachishwa kazi. Nyuma yake nguzo zilikuwa tupu toka chini mpaka juu.

"Somoe alikuwa mwembamba, ndugu Meneja," mwanamke mmoja akamwambia. "Nguzo zote hizo hakuzivaa yeye."