Vitana vya Mama Nzi

Miezi mitatu Mama Nzi alikuwa amelimeza neno, na neno lenyewe lilikataa kushuka.

Kazi yake pale maabara ilikuwa kufuga nzi wadogo wa matunda. Dume huota kitana cha nywele kwenye miguu ya mbele tu. Miguu mingine nayo ina jeni ileile ya kuotesha kitana, ila imenyamazishwa, na kila seli inapogawanyika huzirithisha seli zinazozaliwa ukimya huo. Mama Nzi ndiye aliyegundua kwamba mabuu wa ukoo mmoja wakipashwa joto siku moja tu, ukimya huvunjika. Hata uwarudishe kwenye baridi, seli zimeshasahau. Wakikua, vitana miguu yote!

Daktari, mkuu wake, akauchapisha ugunduzi huo kwa jina lake peke yake. Mama Nzi alipouliza, akajibiwa mbele za watu: "Shangazi, wewe osha chupa. Mdomo funga."

Akafunga.

Sasa Profesa mgeni alikuwa amekuja kuwaona nzi hao kwa macho yake. Siku mbili kabla, Daktari, kwa haraka zake, aliwatia kwenye kabati la joto nzi waliokwisha ota mabawa. Mama Nzi alimwona. Nzi mzima hageuki. Miguu yake iliamuliwa angali buu. Akaendelea kusugua chupa, tena kwa wimbo.

Profesa akainamia hadubini. Akakawia. "Mbona vitana viko mbele tu?"

"Haiwezekani!" Jasho likamchuruzika Daktari. "Shangazi, hebu mweleze mgeni."

"Nimweleze nini, baba? Mimi muosha chupa."

"Shangazi, tafadhali."

"Mdomo si uliufunga wewe? Basi ufunguo unao wewe."

Wenzake mlangoni wakaziba vicheko kwa viganja. Mama Nzi akamwacha atote kwanza. Kisha akavuta droo, akatoa chupa tatu zenye nzi na daftari lenye tarehe za mwaka mzima.

Profesa akatazama, akafunua kurasa. "Hawa ndio! Nani kawafuga?"

"Mwenye mwandiko."

Profesa akamgeukia Daktari. "Makala yako nitaomba iondolewe. Itarudi na jina la huyu mama mbele." Akainua chupa moja ya nzi. "Nataka kuondoka na hawa. Kuna chupa safi za kuwahamishia?"

Mama Nzi akampa Daktari brashi.

"Ziko kwenye sinki, mwanangu. Sugua mpaka chini."