Unga wa Mama Maganda

Tope la kuchimbia kisima lilikuwa limechacha, na Jumatatu hiyo kila aliyeingia kazini aliinusa habari hiyo tangu getini. Povu lilikuwa limefurika kwenye tangi. Opereta wa mtambo aliziba pua akasema, "Fundi, leo tunachimba au tunapika pombe?" Watu wakacheka. Fundi wa tope naye akacheka.

Alijua kosa ni la nani. Tope hilo huzungushwa ndani ya shimo ili kuta zisibomoke. Zamani walilichanganya na dawa ya pipa, ambayo ikimwagika tu nyasi zinakauka. Siku hizi walitia unga wa maganda ya karanga. Lakini unga wa mmea huoza, ndiyo maana kila jioni, iwe siku ya kazi au ya mapumziko, lazima mtu akoroge magadi ndani ya tangi. Ijumaa wenzake walikuwa wanamsubiri kwenye drafti. Akajiambia atakuja Jumamosi. Na kwa kuwa kalamu alikuwa nayo mkononi, akajaza kabisa kwenye fomu kwamba magadi yamewekwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Uvivu wenye mwandiko mzuri, huo! Jumamosi hakuja, wala Jumapili. Sasa shimo lilikuwa limebomoka, na mabomba yamenasa mita sitini chini.

Mhandisi, mwanamke mmoja asiyependa maneno mengi, aliishika ile fomu. "Magadi uliweka?"

"Niliweka."

"Siku zote tatu?"

"Siku zote."

Hapo angeweza kunyamaza. Mtu akishadanganya mara mbili, staha ndogo iliyobaki ni kufunga mdomo. Yeye akaongeza, macho makavu: "Labda ni unga. Huenda safari hii maganda yalisagwa kabla hayajakauka."

Na unga ule aliusaga mama mkwe wake.

Yeye mwenyewe ndiye aliyemwomba, kwa kuwa mama alikuwa na mashine ya kusaga pale sokoni. Alipoanza kukusanya maganda kwa wauza karanga, watu walimcheka, wakamwita Mama Maganda. Hakujali. Alianika, akasaga, akachekecha mara mbili, mpaka jina la kejeli likageuka la heshima. "Takataka zenu zinachimba visima," aliwaambia. Kila mkwe wake alipopita alimuuliza kisima kimefika wapi, kama anayeulizia mjukuu.

Mhandisi alimpigia mama mkwe simu hapohapo, spika ikiwa wazi, akamweleza yaliyotokea. Upande wa pili ilisikika mashine tu ikinguruma.

"Ni mwanangu ndiye kasema unga ulikuwa mbichi?"

"Ndiye."

Fundi alitazama viatu vyake. Aliomba kimoyomoyo mama mkwe abishe. Angebisha kidogo tu, labda ukweli ungemponyoka.

"Basi itakuwa kweli," mama mkwe akasema. "Yeye ndiye anayejua. Mimi nilidhani yamekauka. Samahani sana, mama."

Mhandisi akakata simu, akaamuru magunia kumi na mawili yarudishwe kwa mwenyewe na dawa ya pipa iagizwe upya. Hakuna aliyemlaumu fundi. Opereta alimpiga bega, akamwambia, "Kufanya kazi na wakwe ndiko huko, utamwambia nini?" Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Aliona bora ardhi impasukie immeze, lakini ardhi ile hata kwa mtambo ilikuwa imegoma.

Mara mbili siku hiyo alifika mlangoni kwa mhandisi. Mara ya kwanza alirudi kwa sababu mhandisi alikuwa anaongea na simu. Mara ya pili hakuwa na sababu.

Aliporudi nyumbani, alimkuta mama mkwe sebuleni, amekaa ukingoni mwa kiti, unga bado uko kwenye nyusi. Mkewe alikuwa pembeni, macho mekundu. Mama alipomwona akasimama. Mkubwa hasimami kwa heshima ya mdogo, lakini yeye alisimama.

"Mwanangu, nimekuaibisha mbele ya wakubwa zako. Wewe uliniamini, mimi nikakuangusha. Tangu asubuhi nayapitia maganda niliyoanika, nayavunja moja moja, sijui hayo mabichi yalipita wapi. Ni uzee huu. Mashine nimeifunga, nisije nikamharibia na mwingine. Nisamehe."

Fundi akainama kufungua kamba za viatu.

"Si umjibu?" mkewe akasema. "Unamwacha mama amesimama."

"Nimekusamehe, mama," akasema.

Mama mkwe akashusha pumzi, akaketi vizuri, akamgeukia binti yake. "Unaona? Nilikwambia huyu hana kinyongo. Mshike sana mumeo." Kisha akaomba maji ya kunywa, kwani tangu simu ile hakuwa ametia kitu mdomoni. Fundi akaenda kuyaleta mwenyewe, akampa kwa mikono miwili, kwa adabu zote.