Turubai la Shimoni

Mvua ya Kibati haikuwa na adabu. Ilipenya juu kwenye majani ya migomba, ikapenya kando, na Emerance alishaanza kuamini kwamba inapenya hata chini, kwenye mawe ya volkano waliyoyalalia tangu vita viwafukuze Rutshuru. Bénie, mtoto wake mchanga, alikuwa akikohoa kama mzee mvuta kiko.

"Mama Paulin," alisema mama mkwe wake, Mukamugema, "kesho uende kwa ule pasta. Huyu mutoto atatufia."

Kambi nzima ilimwita Mama Paulin, ingawa Paulin, pacha wa Bénie aliyetangulia kuzaliwa, alikuwa amebaki njiani chini ya mkalitusi. Homa ilimshinda wakiwa bado wanakimbia.

Pasta Guylain alikuwa amekuja kutoka Goma na lori la maturubai. Sharti lake lilikuwa jepesi: anayebatizwa Jumapili anaondoka na turubai. Anayebaki na dini yake anabaki na majani yake.

"Na wewe mama, huendi?" Emerance alimuuliza mkwewe.

"Mimi? Padri alinibatiza na kunitia chumvi mdomoni kabla ule pasta hajazaliwa. Nikizamishwa na uzee huu nitatolewa maiti, halafu waseme nimeokoka!"

Emerance hakuona shida. Alikuwa Mkatoliki tangu utotoni, lakini mtoto alikuwa anakohoa. Mungu si mtoto, angeelewa.

Kibati hakuchimbiki. Wasaidizi wa pasta walitafuta shimo kati ya mawe, wakatandika turubai ndani yake, wakalijaza maji ya lori la tangi. Wanawake, ambao kila alfajiri hupigania maji ya kupikia, waliyatazama kwa uchu.

Foleni ilikwenda mbio. Mtu anaingia, anaulizwa, anajibu, anazamishwa, anatoka akitetemeka na kupokea turubai jipya mikononi mwa Charline, mke wa pasta. Zamu ya Emerance ikafika. Akaingia hadi kiunoni.

"Unakiri kwamba ubatizo wako wa kwanza ulikuwa maji tu?" pasta aliuliza.

Emerance alifungua mdomo akubali, akamkumbuka Paulin. Chini ya ule mkalitusi hapakuwa na padri. Yeye mwenyewe ndiye aliyemmiminia Paulin kichwani maji ya bidoni, dumu lao la njiani, na kutamka maneno ya ubatizo, kama katekista alivyowafundisha kufanya mtu anapokata roho. Ikiwa yake yalikuwa maji tu, ya Paulin yalikuwa nini?

"Nizamishe," alisema. "Nizamishe hata mara kumi. Lakini neno hilo sisemi."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu mutoto wangu alizikwa na hayo maji tu."

Charline akaacha kugawa. Pasta akatazama vidole vyake.

"Pole, mama. Lakini waliotupatia vitu hivi wanataka waumini. Siwezi kukupa turubai."

Emerance akapigapiga mguu chini ya maji. "Na hili?"

"Hilo ni la shimo."

"Papa Pasta, hili limeingia majini na kila mutu tangu asubuhi. Kama kuna aliyeokoka hapa, ni hili!"

Foleni ikaangua kicheko. Charline alicheka kuliko wote, akafunika mdomo kwa kitenge, akasema, "Guylain, muachie."

"Tukimaliza," alijibu pasta, bila kumtazama yeyote.

Walipomaliza, wanawake walilivamia shimo kwa bidoni. Maji yakaisha pasta akiwa bado anafunga vifungo vya shati. Emerance akalikunja turubai lake, zito na lenye matope, akaenda nalo.

Jioni mvua ilirudi. Bénie alikuwa amelala pakavu. Mukamugema alilipapasa turubai kwa kidole.

"Kuna tundu hapa. Jiwe limelitoboa."

"Sogea huku, mama."

Bibi akasogea. "Na wewe, sasa uko dini gani?"

"Niko mutu aliyeloa," alisema Emerance, akaikaza kamba ya turubai.