Uji wa Nduwayo

Francisca alikuwa mama mkweli, isipokuwa siku ile waliyovuka kutoka Burundi na kuandikishwa kambini, upande wa Kasulo. Uji wa maziwa ulikuwa wa watoto, mwisho miaka kumi na miwili. Mwanawe Nduwayo alikuwa na kumi na minne, ila kimo chake hakikuwa na habari hiyo. Francisca akampunguzia minne. Karani akamtupia kijana jicho, akaandika kumi kwenye kadi bila kuuliza.

Ikapita miaka miwili. Wenzake Nduwayo walishaanza kunyoa ndevu. Yeye bado anapanga foleni ya uji na watoto wenye kamasi, na sauti yake kama filimbi. Ilimuuma.

"Mama, ndiyo nitabaki hivi?"

Swali hilo lilimtesa Francisca kuliko njaa. Akampeleka kwa Daktari Philbert, Rulenge. Daktari akampima urefu na uzito, akasoma kadi.

"Kwa miaka kumi na miwili yuko sawa. Rudini nyumbani."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Francisca iliishia pale mezani. Akisema kweli, kwaheri uji. Akinyamaza, mwana hapati tiba.

"Daktari, ana kumi na sita. Nilidanganya."

Daktari akampiga picha ya mkono wa kushoto, aone mifupa imekomaa kiasi gani. Majibu yakatoka: mifupa ya miaka kumi na miwili na nusu.

"Mama, hata mifupa inakutetea."

"Basi nayo inadanganya," akasema Francisca kwa hasira. "Aliyezaa ni mimi."

Daktari akacheka, akauliza baba alirefuka lini.

"Marehemu? Ananioa ana ishirini, ananifikia begani. Baadaye akawa anainama mlangoni."

Daktari akampima kijana na damu, isije ikawa ana maradhi yaliyojificha. Hakuna. "Amerithi kuchelewa. Mifupa haijafunga, atarefuka. Mrudishe baada ya miezi sita. Akizidi kukawia, zipo sindano za kuamsha balehe."

"Na kadi?"

"Mimi napima watu, mama. Kadi siandiki."

Mwezi wa tano tangu siku hiyo, kwenye foleni, Nduwayo akamwamkia nesi Petronila, mgawa uji. Shikamoo ikaanza filimbi, ikaishia ngoma. Foleni nzima ikageuka. Petronila akaweka upawa chini, akaangalia suruali iliyoishia katikati ya miguu.

"Marahaba. Hivi wewe una miaka mingapi?"

Francisca, aliyesimama kando, akamnyang'anya mwanawe kikombe, akampa mtoto wa nyuma. Machozi yalimtoka kwa furaha.

"Mfute kwenye orodha, dada. Uongo wangu haumtoshi tena."